Mirella Freni aliimbaje opera kwa miaka 50?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa miaka 24, naimba sauti ya kwanza katika kwaya ya kanisa hapa Iringa, na mwaka huu nimeanza kusomea muziki. Mwenzetu mmoja ametupatia rekodi za Mirella Freni wa Italia. Nimesoma kwamba alipanda jukwaani mwaka 1955 akashuka mwaka 2005. Mimi tamasha la siku mbili tu likiisha, sauti inakwaruza wiki nzima. Yeye aliwezaje? Ni kipaji alichozaliwa nacho au kuna kitu alikifanya? Na mbona Maria Callas, anayesifiwa kuliko wote, alimaliza mapema? Nianze na rekodi zipi?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Kipaji alikuwa nacho, tena kikubwa. Ila Italia ya miaka ile ilikuwa na mabinti wengi wenye sauti nzuri, na si wachache waliokuwa wameshanyamaza hata kabla hawajafika miaka 45. Freni alidumu kwa sababu kila wakati alijua sauti yake imekomaa kiasi gani na inabeba mzigo wa uzito gani, na kazi iliyozidi hapo aliikataa, hata ilipoletwa na mtu ambaye waimbaji wa Ulaya nzima waliogopa kumkatalia. Nitakueleza kwa mfuatano, maana ukiruka miaka huwezi kuiona hesabu yake.

Alizaliwa Modena, kaskazini mwa Italia, tarehe 27 Februari 1935. Jina la ukoo lilikuwa Fregni, baadaye likapunguzwa likawa Freni. Mama yake alifanya kazi katika kiwanda cha tumbaku, na katika kiwanda hichohicho alikuwepo mama mwingine ambaye Oktoba ya mwaka huohuo alijifungua mtoto wa kiume aliyekuja kuwa Luciano Pavarotti, mwimbaji mashuhuri wa sauti ya tenor. Kwa kuwa akina mama hao walishinda kwenye tumbaku, watoto walipelekwa kwa mwanamke mmoja aliyewanyonyesha wote wawili. Huku kwetu tungesema ni ndugu wa kunyonya. Freni, ambaye alikuwa mwanamke wa kimo kifupi, alipenda kuwachekesha watu kwa kusema kwamba ukiwaweka pamoja utajua mara moja maziwa mengi yalikwenda kwa nani.

Akiwa na miaka 10 aliingia mashindano ya redio. Wimbo aliochagua ni "Un bel dì vedremo", ule wimbo mkubwa wa Butterfly katika opera (mchezo wa kuigiza unaoimbwa) ya mtunzi Puccini, ambao hata mwanamke mzima hufikiria mara mbili kabla ya kuugusa. Beniamino Gigli, mwimbaji wa sauti ya tenor aliyekuwa na jina kubwa mno Italia wakati huo, alimshauri aache kuimba mpaka akue, la sivyo ataiua sauti. Mtoto akatii. Alirudi kwenye masomo ya sauti akiwa na miaka 17. Mimi naliona hilo kuwa tukio kubwa kuliko sherehe zote alizofanyiwa baadaye. Somo la kusubiri alilipata kabla hajajua hata kusoma nota vizuri, na alilipata kutoka kwa mtu aliyekuwa akiishi kwa koo lake.

Walimu wake wakuu walikuwa wawili. Mmoja ni Ettore Campogalliani wa Mantova, aliyemfundisha pia Renata Tebaldi na Renata Scotto. Freni na Pavarotti walikuwa wakipanda treni pamoja kwenda kwake. Mwingine ni Leone Magiera, mpiga piano wa Modena, ambaye baadaye alimuoa. Tarehe 3 Machi 1955, siku chache baada ya kutimiza miaka 20, Freni alisimama katika ukumbi wa opera wa mji wake akaimba Micaëla katika Carmen ya Bizet. Wakampokea vizuri sana. Badala ya kukimbilia Milano, akaolewa, akazaa binti, wakamwita Micaela, na kwa muda akawa mama wa nyumbani. Alirudi mwaka 1958 baada ya kushinda mashindano ya kuimba huko Vercelli, akaimba Mimì wa La bohème mjini Torino, kisha akaenda kukaa msimu mzima na kampuni ya opera ya Uholanzi. Mwaka 1960 akawa Zerlina huko Glyndebourne, Uingereza. Mwaka 1961 akawa Nannetta wa Falstaff katika jumba la Covent Garden, London.

Sasa yaangalie majina hayo: Micaëla, Zerlina, Nannetta, na baadaye Susanna wa Mozart na Adina wa Donizetti. Wote ni wasichana. Hata pale ambapo okestra ni kubwa, mtunzi ameipunguza msichana anapoimba. Mimì pekee ndiye aliyekuwa na uzito, na hata yeye Puccini amemwandikia maneno mengi karibu na sauti ya kuongea.

Hapa inabidi nikuingize kooni. Nyuzi za sauti za mwanamke hazifiki urefu wa sentimita 2. Unapoimba ile nota ya A ambayo okestra huitumia kuoanisha vyombo, zinafunguka na kufunga mara 440 kwa sekunde moja. Ukifika C ya juu ya soprano, yaani sauti ya kwanza, zimepita mara 1,000 kwa sekunde. Na mwimbaji wa opera hana kipaza sauti. Jumba la Metropolitan la New York linachukua watu wapatao 3,800, na mbele ya mwimbaji kuna okestra ya makumi ya watu. Ukitaka kuishinda okestra hiyo kwa nguvu za koo, utashindwa, na jioni hiyohiyo nyuzi zitavimba. Ukiimba tena juu ya uvimbe, na tena, vinaota vinundu. Njia inayofanya kazi ni pumzi inayotoka kwa mtiririko mmoja bila kusukumwa, koo lililolegea, na sauti inayopata mwangwi wake katika uwazi wa koo na kinywa, ikawa na kile Waitaliano wanachokiita squillo, mng'ao unaopenya juu ya vyombo bila kupiga kelele. Kujifunza njia hiyo kunachukua miaka, na misuli inayoibeba inaendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka 30. Ndiyo maana majukumu ya wasichana yalimfaa msichana. Alikuwa anajenga.

Mwaka 1963 jumba la La Scala la Milano liliandaa La bohème mpya, Franco Zeffirelli akiisanifu jukwaani na Herbert von Karajan, Mwaustria, akiongoza okestra. Freni akawa Mimì. Alisimulia mwenyewe kwamba Karajan alitokwa machozi. Onyesho hilo likafanywa filamu, na kuanzia hapo dunia nzima ikamjua. Tarehe 29 Septemba 1965 akaingia Metropolitan, na kule pia alianza na Mimì.

Nataka ufungue rekodi ya La bohème waliyoifanya Berlin mwaka 1972, Karajan akiongoza na Pavarotti akiwa Rodolfo, uende moja kwa moja kwenye wimbo wa Mimì wa sehemu ya kwanza, "Mi chiamano Mimì". Ni usiku wa kuamkia Krismasi mjini Paris, katika chumba cha juu kabisa chenye baridi. Mimì ni mshonaji, anadarizi maua. Mshumaa wake umezimika, amekuja kuomba moto kwa jirani yake Rodolfo, naye amemuuliza wewe ni nani. Anaanza kwa kujibu kama mtu anayejibu kweli: wananiita Mimì, lakini jina langu ni Lucia. Mistari mifupi, hakuna madoido. Sikiliza jinsi Freni anavyoiacha mistari hiyo iwe midogo. Haifanyi mizuri kuliko inavyostahili. Anaeleza kwamba anaishi peke yake katika chumba kidogo cheupe, anatazama mapaa ya nyumba na anga. Halafu linakuja neno la theluji kuyeyuka, "ma quando vien lo sgelo", na jua la kwanza la mwaka ambalo anasema ni lake. Hapo Puccini anafungua okestra yote, na sauti inatakiwa ipande na kupanuka juu yake.

Waimbaji wengi wakifika hapo wanakaza shingo. Nota inatoka, watu wanapiga makofi, lakini unasikia juhudi. Freni anafanya kinyume. Anaingia kwenye mstari kwa sauti ndogo, pumzi ikiwa imeshatangulia, na jinsi okestra inavyopanda ndivyo sauti inavyopanuka, irabu ikibaki ileile kuanzia chini mpaka juu, bila kubadilika rangi, bila kona. Huwezi kusema ni wapi hasa alipoanza kuongeza. Kisha jua linapita, anarudi kwenye maua yake ya kudarizi ambayo hayana harufu, na mistari ya mwisho, anapomwomba radhi jirani kwa kumsumbua usiku, inakuwa tena maongezi matupu. Rudia kusikiliza mara nyingi ukiwa umeweka mkono tumboni. Kila kitu ninachofundisha darasani kuhusu pumzi kimo ndani ya dakika hizo chache.

Lakini nisikupe picha ya mtu ambaye hakuwahi kuanguka. Desemba 1964 Karajan na Zeffirelli walimpeleka tena La Scala, safari hii kama Violetta wa La traviata. Violetta anahitaji karibu waimbaji watatu ndani ya mtu mmoja: sehemu ya kwanza sauti inakimbia kama filimbi, ya pili inahitaji uzito wa huzuni, ya mwisho ni pumzi ya mgonjwa anayekufa. Tena, katika jumba hilohilo, mwaka 1955, Maria Callas alikuwa ameimba Violetta chini ya usanifu wa Luchino Visconti, na waliokaa ghorofa ya juu kabisa, wale mashabiki wakali wa viti vya bei nafuu, walikuwa hawajamsahau. Wakamzomea Freni. Jeraha la usiku ule lilikuwa kubwa kiasi kwamba La Scala haikuiweka La traviata jukwaani tena mpaka mwaka 1990, miaka 26 baadaye.

Freni alikuwa na miaka 29. Hakuacha kuimba, wala hakumkimbia Violetta kwa hofu: mwaka 1967 alimwimba Covent Garden, Carlo Maria Giulini akiongoza okestra na Visconti mwenyewe akisanifu jukwaa. Ila hakumfanya kuwa kazi yake ya kila msimu. Alirudi kwa Mimì, kwa Susanna, kwa Liù wa Turandot, na kazi nzito za mtunzi Verdi akaziacha zisubiri.

Alisubiri mpaka mwaka 1970. Akiwa na miaka 35, huko Salzburg, Austria, aliimba Desdemona katika Otello ya Verdi, Jon Vickers akiwa Otello na Karajan kwenye okestra. Mwaka uliofuata akawa Amelia wa Simon Boccanegra pale La Scala, Claudio Abbado akiongoza. Mwaka 1975 akawa Elisabetta wa Don Carlo, na mwaka 1979 Aida, zote mbili Salzburg na zote mbili na Karajan. Hatua hizi waliomjua kama Mimì ziliwatisha. Walisema Aida itammaliza. Ukizipanga kwa miaka, kati ya Zerlina na Aida kuna miaka 19, na kila jukumu limezidi lililotangulia kwa kiasi kidogo tu. Isitoshe, Karajan alikuwa na uwezo wa kuituliza okestra kubwa mpaka ikawa zulia chini ya mwimbaji. Kuimba Aida mara chache katika tamasha la kiangazi na mtu wa namna hiyo ni tofauti kabisa na kuiimba kila baada ya siku tatu katika mji ambao kiongozi wa okestra anajali vyombo vyake peke yake. Freni alikuwa akiangalia ni nani ameshika fimbo kabla ya kusema ndiyo.

Ndipo tunafika kwenye zile hapana. Karajan alimwomba aimbe Leonora wa Il trovatore. Akakataa. Alimtaka pia kwa Turandot, binti mfalme wa Puccini ambaye nota zake zinakata kama shoka juu ya okestra nzima na kwaya. Akakataa. Katika opera hiyohiyo yeye alikuwa ameshaimba Liù, yule mtumwa mpole, na alijua vizuri upande wake ni upi. Rekodi ya Turandot ikafanywa bila yeye, na Katia Ricciarelli. Jaribu kupima maana ya kumkatalia Karajan miaka ile. Alikuwa anaiongoza okestra ya Berlin, alikuwa na neno la mwisho Salzburg, na kampuni za santuri zilimsikiliza yeye. Yeye ndiye aliyemfanya Freni awe Freni. Kumwambia mtu kama huyo "maestro, hiyo hapana" kulihitaji ujasiri ambao mimi nauheshimu kuliko C yoyote ya juu.

Butterfly ndiye anayeonyesha hesabu yake vizuri zaidi. Ule wimbo aliouimba akiwa mtoto aliurekodi akiwa mtu mzima, mwaka 1974, katika rekodi kamili ya opera pamoja na Pavarotti na Karajan, na hapohapo ikatengenezwa filamu ya Jean-Pierre Ponnelle, Plácido Domingo akiwa Pinkerton, mume wa Butterfly. Miaka ya 1980 akairekodi tena na Giuseppe Sinopoli. Wapo wengi, nami ni mmoja wao, wanaoamini kwamba hakuna Butterfly aliyerekodiwa kwa uzuri kuliko yule wa 1974. Na hata hivyo, katika miaka 50, opera hiyo nzima hakuiimba jukwaani hata mara moja. Butterfly akishaingia katika sehemu ya kwanza, karibu haondoki tena mpaka anapojiua, na kutwa nzima anaimba katikati ya sauti, mahali ambapo okestra ya Puccini ni nene kuliko kote. Tena analia. Mwimbaji anayeingia moyoni mwa mhusika kama alivyoingia Freni hawezi kulia kweli na kuimba vizuri kwa wakati mmoja. Studio ni kitu kingine: unarekodi kipande, unapumzika, kesho unaendelea, na kipaza sauti kiko karibu yako. Alitambua tofauti hiyo akaitumia kumpa Butterfly kila alichokuwa nacho bila kuilipia kwa koo.

Kuhusu Callas, naomba tuwe waangalifu. Opera yake ya mwisho jukwaani ilikuwa Tosca, Covent Garden, Julai 1965, akiwa na miaka 41. Miezi miwili na kitu baadaye Freni akaingia Metropolitan. Ni rahisi kuwaweka mmoja upande wa busara na mwingine upande wa uzembe, na mimi sikubali. Januari 1949, mjini Venezia, Callas alikuwa akiimba Brünnhilde wa Wagner, sauti ya chuma, na katika siku hizohizo akapokea Elvira wa I puritani ya Bellini, inayotaka wepesi wa ndege, kwa sababu mwenzake aliugua. Hakuna aliyekuwa amezoea kusikia mambo hayo mawili katika koo moja. Kwa ajili yake opera nyingi za Bellini, Donizetti na Cherubini zilizokuwa zimelala zilirudi majukwaani, na kila soprano aliyekuja baada yake, Freni akiwemo, alikuta watazamaji wanaodai uigizaji wa kweli kwa sababu Callas aliwazoesha. Kwa nini sauti yake ilichoka, wanaojua bado wanabishana: wengine wanataja majukumu mazito aliyobeba akiwa kijana mno, wengine wanataja kupungua mwili kwa haraka katikati ya miaka ya 1950, wengine wanataja afya. Inawezekana yote yalichangia. Ninachoweza kukuambia kwa uhakika ni kwamba aliimba Turandot akiwa na miaka ya ishirini, jukumu ambalo Freni alilikataa akiwa na zaidi ya miaka 40.

Tuendelee na Freni, maana sehemu ya mwisho ya safari yake watu huipita haraka na mimi naiona tamu. Ndoa yake na Magiera ilivunjika, ingawa waliendelea kufanya kazi pamoja, akaolewa na Nicolai Ghiaurov, mwimbaji wa besi kutoka Bulgaria, mmoja wa mabesi wakubwa wa karne ile. Ghiaurov alikuwa amesomea Moscow, na nyumba ikawa na Kirusi. Katika miaka ya 1980, akikaribia miaka 50, umri ambao soprano wengi wanafunga masanduku, Freni akaanza lugha mpya na mtunzi mpya: Tatyana wa Eugene Onegin ya Tchaikovsky, kisha Lisa wa Malkia wa Karata. Upande wa Kiitaliano akachukua Adriana Lecouvreur ya Cilea na Fedora ya Giordano. Uchaguzi huo una akili nyingi. Adriana na Fedora ni wanawake wazima, wamepitia mambo. Nyimbo zao zinakaa zaidi katikati ya sauti na zinaomba rangi, maneno na uzito wa maisha kuliko nota za juu sana. Sauti ya mwanamke wa miaka 55 ikitunzwa ina utajiri mwingi hapo katikati. Badala ya kuendelea kung'ang'ania vya juu, alihamia mahali ambapo sauti yake ilikuwa imenona.

Onyesho lake la mwisho la opera lilikuwa Washington, tarehe 11 Aprili 2005. Aliimba Joan wa Arc katika opera ya Tchaikovsky, msichana aliyeuawa akiwa na miaka ipatayo 19. Yeye alikuwa na 70. Mwezi uliofuata Metropolitan ikamwandalia usiku wa heshima. Ghiaurov alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Baada ya hapo akabaki na wanafunzi wake huko Vignola, karibu na Modena, mahali ambapo yeye na mumewe walikuwa wameanzisha kituo cha kufundisha uimbaji. Alifariki tarehe 9 Februari 2020 akiwa na miaka 84, na mwaka uliofuata ukumbi wa opera wa Modena, ambao tayari ulikuwa na jina la Pavarotti, ukaongezewa jina lake.

Sasa koo lako. Wiki nzima ya kukwaruza baada ya siku mbili si jambo la kawaida, hata kama wenzako wote kwenye kwaya wanalo. Ukifika wiki mbili sauti haijarudi, au ikiwa hali hii inajirudia kila tamasha, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo akaangalie nyuzi kwa kifaa. Tangawizi na asali hazitakuambia kama kuna kinundu. Lakini hata kabla ya daktari, chunguza mnachofanya. Kwenye matamasha yetu kinanda na spika vinafunguliwa mpaka mwisho, waimbaji hawajisikii, na mtu asiyejisikia hupiga kelele bila kujua. Kisha katikati ya wimbo mpiga kinanda anapandisha ufunguo ili watu wasimame, na anapandisha tena. Sauti ya kwanza ndiyo inayolipa. Mwombe mwalimu wa kwaya, kwa adabu na faragha, spika ya kuwarudishia waimbaji sauti yao, na ufunguo uliopangwa siku ya mazoezi ubaki uleule siku ya tamasha. Siku ya kwanza ukiona koo limechoka, ya pili imba kwa sauti ndogo au usiimbe, na usinong'one, maana kunong'ona nako kunazikwaruza nyuzi. Na ukipewa kuongoza wimbo unaojua kabisa kwamba umekaa juu mno kwako, sema hapana. Watakuona unajidai, na itakuuma. Bado utaimba mwakani.

Rekodi: anza na hiyo La bohème ya 1972. Ukiizoea, rudi nyuma usikie L'amico Fritz ya Mascagni waliyorekodi na Pavarotti mwishoni mwa miaka ya 1960, hasa ile sehemu ya wawili wao na cheri. Hapo sauti bado ni ya kijana. Kisha Simon Boccanegra ya Abbado ya 1977, usikie msichana alivyokuwa mwanamke. Ndipo Butterfly ya 1974, lakini isikilize ukiwa na muda na pasipo mtu wa kukusumbua. Ya mwisho iwe Eugene Onegin waliyorekodi Dresden mwaka 1987, tukio la barua, ambapo Tatyana anakesha akimwandikia mwanaume asiyemjua vizuri. Kirusi hutakielewa, kwa hiyo tafuta tafsiri ya maneno uisome kwanza, halafu ufunge kitabu usikilize. Alikuwa na miaka 52. Niandikie uniambie kama ulisikia umri.